Ibembee kwenye Skrini Kabla ya Kukata Chuma: Kuchora Chekeche la Maharage kwa FreeCAD

Katwe, hapa Kampala, mashine nyingi huzaliwa sakafuni. Fundi huchukua chaki, huchora kwenye saruji, hupanga vyuma juu ya mistari, kisha hushika grainda. Nimejifunza kazi hivyo na naiheshimu, kwa sababu mashine za kupukuchua mahindi na za kufyatua matofali zinazotoka pale zinafanya kazi kweli. Lakini kuna mashine zinazoishinda chaki, nazo ni zile zenye vyuma vinavyosukumana na kuvutana. Chaki inakuonyesha mtambo umesimama. Ukishazunguka robo mzunguko utakaaje, chaki haisemi.

Nililipia somo hilo. Mfanyabiashara wa maharage kutoka Arua aliagiza chekeche la kutikiswa na mota, na alikuwa na haraka ya kurudi. Fremu ilikuwa tayari na kitako cha mota kimeshachomelewa. Ilibaki fimbo ya kuunganisha mota na chekeche. Flatibaa (chuma bapa) iliyokuwa imebaki ilikuwa fupi, nikatoboa matundu yake kwa umbali wa milimita 260, nikafunga, nikazungusha kwa mkono. Ilizunguka. Nikaridhika. Ilipowashwa ikawa inagonga mara moja kila mzunguko, mahali pale pale, na siku ya tatu pini ikakatika maharage yakiwa ndani. Mzee mmoja wa karakana jirani alikuja kuitazama akaniambia, "Kijana wangu, hiyo fimbo haisukumi, inavuta pini tu." Alikuwa sahihi, ila ilinichukua muda kujua kwa nini. Siku hizi kosa kama hilo naliona kwenye laptopu kwa dakika kumi, na ndivyo nitakavyokuonyesha hapa.

Vyuma vinne na majina yake

Mtazame fundi cherehani barazani. Kanyagio linakwenda mbele na nyuma, kijiti kinapanda na kushuka, gurudumu linazunguka. Huo ni mtambo wa viungo vinne, na chekeche letu ni huohuo uliogeuzwa: kwenye cherehani mguu unalitikisa kanyagio ili gurudumu lizunguke, kwetu mota inazungusha ili chekeche litikisike.

Krenki ni mkono mfupi uliofungwa kwenye shafti, unaozunguka mzunguko mzima. Bembea ni chuma kinachoning'inia kutoka juu na kubeba chekeche. Fimbo inaunganisha ncha ya krenki na ncha ya chini ya bembea. Chuma cha nne ni fremu yenyewe, isiyokwenda popote, lakini usiisahau kwenye hesabu, kwa sababu umbali kati ya kitovu cha krenki na tundu la juu la bembea ni kipimo kamili kama vingine.

Vipimo tutakavyotumia ni krenki milimita 50, fimbo 400, bembea 300. Kitovu cha krenki kitakaa milimita 400 kulia kwa tundu la juu la bembea, na 300 chini yake. Vyote vinapimwa katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Urefu wa flatibaa kutoka ncha hadi ncha si kazi yetu hapa. Utaongeza kichwa cha chuma utakavyopenda.

Programu

Natumia FreeCAD. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, na ukishaipakua huhitaji tena intaneti. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Kama unayo SolidWorks au Fusion, mambo ni yaleyale, vitufe tu ndivyo vinavyotofautiana.

Siri ya programu hizi ni kwamba huchori kwa kupima. Unachora ovyo, kisha unaweka masharti: nukta hii ikae juu ya ile, mstari huu uwe 300, hizi mbili zilingane. Programu inapiga hesabu na kusogeza mistari mpaka masharti yote yatimie. Ukibadilisha namba moja, mchoro mzima unajipanga upya. Wazo hili si geni. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa programu yake ya Sketchpad, na mitambo ya viungo ilikuwa miongoni mwa alivyovichora.

Chora mistari mitatu, iliyoinama

Fungua faili jipya, ingia sehemu ya kuchora, anzisha mchoro kwenye uso wa mbele. Kabla hujagusa chochote, tafuta kwenye mipangilio ya mchoro ile sehemu ya masharti yanayojiweka yenyewe, uizime. Wengi wanakwama hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukichora mstari unaokaribia kulala, FreeCAD inadhani ulitaka ulale kabisa, inaweka sharti la ulalo bila kukuuliza. Kwa mchoro wa meza ni msaada. Kwa mtambo ni balaa, kwa sababu fimbo yetu ikiwa katikati ya safari yake hulala karibu sawasawa, na bembea nayo husimama wima. Ukizichora katika hali hiyo, programu itaibandika fimbo ilale milele na bembea isimame milele. Halafu unaburuta krenki, haisogei, unaanza kuhangaika na vipimo ambavyo havina kosa. Kwa hiyo zima msaada huo, na bado chora mistari yako ikiwa imeinama makusudi: bembea iegemee kulia, fimbo ipande kidogo, krenki itazame juu. Ukiona alama ndogo ya mstari wa kulala au wa kusimama imetokea pembeni mwa mstari wowote, ibofye, ifute.

Mstari unachorwa kwa kubonyeza G kisha L. Chora mitatu isiyogusana. Sasa tazama upande wa kushoto, pale programu inapotoa ripoti ya mchoro. Itakuambia uhuru uliobaki ni 12. Kila mstari una ncha mbili, kila ncha inaweza kwenda kushoto na kulia, juu na chini. Hiyo ni 4 kwa mstari, mara 3. Namba hiyo ndiyo dira yako mpaka mwisho.

Shusha uhuru kutoka 12 hadi 1

Chagua ncha ya juu ya bembea na nukta ya kati ya mchoro, pale mistari mikuu inapokutana, bonyeza C. Zimeshikana. Uhuru 10. Chagua ncha ya chini ya bembea na ncha moja ya fimbo, C tena. Uhuru 8. Ncha ya pili ya fimbo na ncha ya krenki, C. Uhuru 6. Sharti hili la kushikana ndilo pini yako: nukta zinakaa pamoja lakini mistari iko huru kuzunguka.

Kisha kitovu cha krenki, ile ncha yake iliyobaki. Ipe umbali wa ulalo kutoka nukta ya kati, 400, kwa herufi L, na umbali wa wima, 300, kwa herufi I. Hakikisha imekaa kulia na chini. Uhuru 4.

Baki na urefu. Bonyeza D, gusa bembea, andika 300. Gusa fimbo, 400. Gusa krenki, 50. Kwenye kisanduku cha kuandikia namba kuna nafasi ya jina. Usiiruke. Andika bembea, fimbo, krenki. Baada ya miezi sita, mchoro wenye majina utausoma kama barua. Usio na majina utaukisia.

Ripoti sasa inasema uhuru 1. Hapo simama. Ukijifunza programu hizi kwa video utaambiwa mchoro mzuri ni uliofungwa wote, mistari ikageuka kijani. Kwa bamba au kitako ni kweli. Mtambo lakini unatakiwa ubaki na uhuru mmoja, si sifuri wala mbili, kwa sababu huo mmoja ndio mahali mota inaposhika. Ukipata 2, kuna pini umeisahau. Ukipata 0, kuna sharti limeingia kisirisiri, na mara nyingi ni lile la ulalo nililokuonya.

Uzungushe kwa kipanya

Shika ncha ya krenki kwa kipanya, uiburute polepole kwenye duara. Bembea inaanza kwenda na kurudi. Nakuomba usiharakishe hapa. Zungusha mara tano, sita. Angalia pale krenki na fimbo zinaponyooka mstari mmoja: bembea inasimama kidogo, kisha inarudi. Hapo ndipo mwisho wa safari yake, upande mmoja fimbo na krenki zikiwa zimejumlishana kuwa 450, upande wa pili zimekunjana kuwa 350.

Sasa pima. Weka pembe kati ya bembea na mstari mkuu wa wima, K kisha A, lakini igeuze iwe ya kusoma tu, kwa K kisha X. Kipimo cha kusoma kinageuka buluu na hakishiki kitu, kinakuambia tu. Ukizungusha, bembea hii inafika karibu nyuzi 9.6 kila upande wa wima, na ncha yake ya chini inasafiri milimita 100, 50 kulia na 50 kushoto. Chekeche linainuka milimita 4 tu kwenye kila mwisho. Ukitaka safari ya milimita 60, krenki iwe 30. Mimi natoboa bamba la krenki matundu matatu, 30, 40 na 50, ili mteja abadilishe mwenyewe akitoka maharage ya Nambale kwenda karanga.

Weka pembe nyingine ya kusoma tu, ile kati ya fimbo na bembea pale zinapokutana. Kwangu hii ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye mchoro. Ikikaribia 90, msukumo wote wa fimbo unaisogeza bembea. Ikikaribia 0 au 180, fimbo na bembea zinakuwa kama kamba moja iliyovutwa, na nguvu ya mota inaishia kwenye pini. Wahandisi hupenda ibaki kati ya 40 na 140. Kwa vipimo vyetu inacheza kati ya nyuzi 79 na 103 mzunguko mzima. Hiyo ni mashine itakayokwenda kimya.

Rudia kosa langu

Bofya kipimo cha fimbo, futa 400, andika 260. Usiguse kingine. Bembea inavutwa kulia, inaning'inia ikiwa imeinama. Zungusha krenki: inazunguka mzunguko mzima, kama ilivyozunguka mkononi mwangu. Kanuni ya Grashof inaikubali pia: chuma kifupi kuliko vyote ukijumlisha na kirefu kuliko vyote visizidi jumla ya viwili vilivyobaki, na hapa 50 na 500 ni 550, wakati 260 na 300 ni 560. Hiyo 500 ni fremu, umbali wa mshazari kati ya vitovu viwili.

Lakini sasa soma ile pembe ya fimbo na bembea. Krenki ikiwa upande wa mbali na tundu la juu, pembe inafika nyuzi 158. Hapo ndipo palipokuwa pakigonga. Mzee wa jirani aliiona kwa jicho. Mimi nilihitaji namba.

Teremsha fimbo hadi 245. Ukifika mahali fulani krenki inakataa kwenda, na ukiilazimisha kwa kuandika pembe, programu inakuambia masharti hayawezi kutimia. Hakuna chuma kilichopinda, umeme haujatumika.

Ukiamua kuiendesha krenki kwa kuandika pembe badala ya kuburuta, panda kidogo kidogo, nyuzi 10 au 15. Ukiruka 120 kwa mara moja, hesabu inaweza kutua kwenye jibu la pili, bembea ikageukia upande mwingine wa fimbo. Kwa hesabu ni halali. Kwa chuma haiwezekani bila kufungua pini.

Ifanye fremu iifuate fimbo

Nilipotulia na mchoro niligundua kwamba fimbo ya 260 haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kubadilisha fimbo na kukiacha kitovu cha krenki palepale. Kanuni ninayoifuata sasa ni rahisi: bembea ikiwa wima, fimbo ilale. Kwa hiyo umbali wa ulalo wa kitovu uwe sawa na fimbo, na wa wima uwe sawa na bembea. Rudi kwenye ile 400 ya ulalo, fungua alama ya fomula kwenye kisanduku, uandike Constraints.fimbo. Kwenye 300 ya wima andika Constraints.bembea.

Andika tena fimbo 260. Safari hii kitovu cha krenki kinasogea chenyewe, na pembe inabaki kati ya 76 na 106. Mashine ikawa fupi na bado salama. Mteja akitaka mashine iingie nyuma ya pikapu, unabadilisha namba moja mbele yake na kumwonyesha mota itakaa wapi, kabla ya kuchomelea kitako.

Bembea ya pili

Chekeche haliwezi kuning'inia upande mmoja. Ongeza bembea nyingine milimita 900 kushoto, tundu lake la juu kwenye usawa uleule, na mstari wa chekeche, 900, ukiunganisha ncha za chini. Bembea ya pili usiiandikie urefu. Chagua zote mbili, bonyeza E, zilingane. Uhuru ubaki 1.

Kishawishi ni kuweka sharti la chekeche kulala. Usiweke. Bembea zikilingana na umbali wa juu ukilingana na wa chini, chekeche linalala lenyewe; ukiongeza sharti, programu italalamika kuwa limezidi. Lalamiko hilo lina maana karakanani. Chekeche halisi lina bembea nne, na moja ikipishana na wenzake kwa milimita mbili, ni kama sharti lililozidi: programu inalalamika, chuma kinakwama au kinakula bushi. Ndiyo maana bembea zote nne nazibana pamoja kwa klampu na kuzitoboa kwa pigo moja la drili.

Kupeleka kwenye chuma

Usahihi wako uwekeze kwenye krenki. Fimbo ikizidi milimita 1, chekeche linahama kidogo tu upande mmoja. Krenki ikizidi milimita 1, safari inaongezeka 2. Bamba la krenki ni dogo, linaenea kwenye karatasi ya A4, kwa hiyo lichapishe kwa ukubwa wake halisi, ulibandike kwenye chuma na upige alama za senta kupitia karatasi. Weka na mstari wa kupimia wa milimita 100 pembeni ya mchoro. Ukitoka kwenye mashine ya kuchapisha ukiwa 96 au 97, karatasi imepunguzwa kuenea ukurasa. Rudisha uchapishaji kwenye asilimia 100.

Kwa shafti ya milimita 20 beringi ya 6204 inaingia: tundu 20, nje 47, unene 14. Kwenye pini za bembea bushi ya shaba inatosha, kwa sababu zinacheza nyuzi chache tu.

Mbio nazo zina hesabu yake. Kwa krenki ya 50 naanzia mizunguko 120 kwa dakika. Mchapuko wa mwisho wa safari, yaani ukali wa mwendo kubadilika, hapo ni kama mita 7.9 kwa sekunde kwa sekunde, chini kidogo ya mvutano wa dunia, unaotosha kuyatelezesha maharage bila kuyarusha. Ukizidisha mbio mara mbili, nguvu kwenye pini inapanda mara nne, basi usimkubalie mteja anayesema ongeza tu. Mota ya mizunguko 1,440 inashushwa mara 12: puli ya 75 kwenda ya 300, kisha ya 100 kwenda ya 300. Mikanda yote iwe na kifuniko cha bati, kwa sababu watoto hupita karakanani.

Kabla ya kufunga mikanda, piga mstari wa chaki kwenye fremu pale ncha ya bembea inaposimama wima. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, mzunguko mzima, ukishika futi. Unatafuta 50 kulia na 50 kushoto. Ukipata 53 na 47, kitovu au fimbo imehama: rudi kwenye mchoro, andika kipimo ulichokitoboa kweli badala ya ulichokusudia, na utaona ni kipi.